Je, Kujinyima Chakula ni Fazila?



Siku hizi katika miji yetu, Lubumbashi, Bukavu, Kalemie na pengine, linasikika swali ambalo wazee wetu hawakuliuliza mara nyingi: mtu afanye namna gani ili hamu yake ya chakula ipungue, na mwili wake upungue pia? Wanauliza watu walioambiwa na mganga wa hospitali kwamba wana ugonjwa wa sukari ama tansiyo. Wanauliza makarani wanaokaa kitini tangu asubuhi hadi jioni. Wanauliza vijana waliotazama picha katika simu, wakataka kiuno kama cha watu wa picha zile. Na wengi wanaongeza neno: wanataka njia ya asili, hawataki vidonge.

Swali hili si la waganga peke yao. Tuseme watu watatu wameketi, kila mmoja na sahani yake ya bukari, na kila mmoja anaacha nusu. Wa kwanza anaiacha kwa kuogopa ugonjwa. Wa pili anaiacha ili watu wamsifu kwa umbo lake. Wa tatu anaiacha kwa sababu watoto hawajala. Kwa macho, tendo ni moja. Lakini nani atasema kwamba ni tendo moja kweli? Basi tuulize sawasawa: kujinyima chakula ni fazila, ama ni shauri la mwili tu? Na je, tamaa ya tumbo inatii mapenzi ya mtu, ama haitii?

1. Njaa si zambi

Tuanze kwa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya: njaa na tamaa. Njaa ni sauti ya mwili unaodai haki yake. Inakuja polepole, inakubali chakula chochote, na ikishashiba inanyamaza. Tamaa haifanyi hivyo. Inakuja kwa ghafula, inachagua, inataka kitu hiki wala si kile, na mara nyingi inaamka baada ya kushiba, mtu akisikia harufu ya nyama ya kuchoma njiani.

Njaa imewekwa ndani yetu kwa faida yetu. Wataalamu wa zamani zetu wameeleza vizuri jinsi inavyofanya kazi. Mwaka 1994, katika mji wa New York, mtaalamu Jeffrey Friedman na wenzake waligundua leptini, ambayo ni ujumbe unaotoka katika mafuta ya mwili na kuuambia ubongo: akiba ipo. Mwaka 1999, huko Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa waligundua ghrelini, ujumbe unaotoka katika tumbo lililo tupu na kuuambia ubongo: leta chakula. Basi mtu anapoona njaa, hajakosa kwa Mungu wala kwa watu. Mwili wake unazungumza lugha yake ya asili.

Tena, mtu akipungua sana kwa haraka, mafuta yake yanapungua, leptini inapungua, na ubongo unadhani kwamba njaa kuu imeingia nchini. Unaongeza hamu, na unapunguza matumizi ya nguvu. Ndiyo maana wengi wanaopunguza kilo 10 kwa miezi miwili wanazirudisha zote, na pengine wanaongeza nyingine juu yake.

Kuna habari moja yenye kutufundisha sana. Katika miaka ya 1944 na 1945, kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtaalamu Ancel Keys alichukua vijana wanaume 36 waliojitolea. Hao walikuwa wamekataa kwenda vitani kwa ajili ya dhamiri yao. Hatuwezi kusema walikuwa watu wenye moyo legevu. Kwa majuma 24 walipewa chakula kidogo, hata wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Ikawaje? Walianza kuota chakula usiku. Walisoma vitabu vya mapishi kama mtu asomavyo barua ya mchumba. Furaha iliwatoka, ugomvi ukaingia, akili haikuweza tena kushika masomo. Na chakula kiliporudi, wengine walikula kwa wingi majuma mengi bila kuona kwamba wameshiba.

Tunajifunza nini hapo? Kwanza, mwenye kumcheka mtu mnene na kusema, «Huyu hana nguvu ya moyo», anahukumu bila kujua. Miili haifanani. Watu wawili wanaweza kula sahani ile ile, mmoja akanenepa, mwingine asinenepe. Pili, anayeshindana na njaa yenyewe, uso kwa uso, mara nyingi anashindwa, hata awe mtu wa dhamiri kama vijana wale. Kazi yetu si kuiua njaa. Kazi yetu ni kuitambua tamaa na kuifundisha adabu.

2. Milango mitano ya ulafi

Zamani sana, katika karne ya 6, Papa Mtakatifu Gregori Mkuu alifundisha kwamba ulafi unaingia kwa njia tano, na Mtakatifu Tomasi wa Akwino akayachukua mafundisho hayo katika karne ya 13. Mtu anaweza kukosa kwa kula kabla ya saa. Kwa kutaka vyakula vya bei kubwa. Kwa kutaka vilivyopambwa na kutengenezwa mno. Kwa kula kupita kiasi. Na kwa kula kwa pupa. Tazameni: wingi wa chakula ni mlango mmoja tu kati ya mitano. Watu wengi wa leo wanaulinda mlango ule mmoja, na minne wanaiacha wazi. Kisha wanashangaa kwamba mwizi ameingia.

Tuichungulie milango hiyo, maana hapo ndipo njia za asili zinapopatikana.

Kula kabla ya saa. Huyu ni mtu anayekula mandazi saa nne, karanga saa tano, muhogo wa kuchoma saa nane, na jioni anasema, «Leo sikula kitu». Dawa yake ni kuwa na saa za kula, na kati ya saa hizo kufunga kinywa. Tumbo lenye saa zake linajifunza. Hata ghrelini inazoea kupanda karibu na saa ambayo mtu amezoea kula. Mtu akistahimili robo saa ama nusu saa, akinywa maji na kushika kazi, mara nyingi tamaa inapita kama mvua ya mawingu madogo. Ikiwa haikupita, basi huenda ni njaa ya kweli, naye ale bila haya.

Kula kwa pupa. Habari ya kushiba haifiki katika ubongo mara moja. Inahitaji kadiri ya dakika 20. Mwenye kumaliza tonge zake kwa dakika 7 amekwisha kula kupita kiasi kabla ya mjumbe kufika. Dawa yake ni tonge ndogo, kutafuna vizuri, kuzungumza na watu wa nyumba, na kungoja kidogo kabla ya kuongeza. Kusema sala kabla ya chakula kunasaidia pia: mtu anasimama, anakumbuka kwamba amepewa, mkono unatulia.

Kutaka vilivyotengenezwa mno. Mwaka 2019, huko Marekani, mtaalamu Kevin Hall alitangaza habari ya majaribio kwa watu 20. Kwa majuma mawili walipewa vyakula vilivyotengenezwa sana viwandani, na kwa majuma mawili mengine vyakula vya kawaida visivyopita kiwandani hivyo. Mara zote mbili sukari, mafuta na chumvi vilivyowekwa mezani vilikuwa karibu sawa, na kila mtu aliruhusiwa kula kama apendavyo. Walipopewa vya kiwanda walikula kalori karibu 500 zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Walipopewa vya kawaida walipungua karibu kiasi kile kile. Hakuna aliyewaamuru kujinyima. Chakula chenyewe ndicho kilichoongeza ama kupunguza hamu.

Habari hii ni njema kwetu, kwa sababu vyakula vinavyoshibisha vizuri viko sokoni kwetu: maharagwe, sombe, lenga-lenga, matembele, samaki wadogo, viazi vitamu na maganda yake. Maharagwe na majani yana nyuzi nyingi, yanajaza tumbo na kukaa muda mrefu. Mganga Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, alirudi Ulaya akihubiri habari ya nyuzi hizo, kwa sababu aliona kwamba magonjwa mengi ya tumbo yaliyowasumbua watu wa kwao yalikuwa nadra kwa wanakijiji wa Afrika. Leo sisi tunaacha sombe kwa kuona kwamba ni chakula cha maskini, nao wazungu wanalipa fedha nyingi ili wapate nyuzi katika makopo.

Kutaka vya bei kubwa. Huo ni ulafi unaovaa nguo ya heshima. Mtu anakunywa limonadi ama bia mbele ya wageni ili aonekane, hata kama maji yangemtosha. Chupa ya limonadi ya sentilita 30 ina sukari karibu gramu 30, yaani vipande 6. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 ina kalori karibu 300. Na tumbo halivihesabu vinywaji kama linavyohesabu chakula. Mtu anakunywa, kisha anakula kama hakunywa. Mwenye kuacha chupa hizo peke yake, bila kugusa bukari yake, mara nyingi anaona mkanda unalegea. Lakini maji matupu, glasi mbili kabla ya kula, yanasaidia watu wengi kutosheka mapema.

Kula kupita kiasi. Mlango huu tumeuweka mwisho, kwa sababu ile minne ikifungwa, huu unajifunga nusu peke yake. Nusu inayobaki ni ya akili. Sahani ndogo kuliko beseni. Mboga nyingi na bukari kiasi. Mafuta ya mawese kwa kijiko, yasimwagwe kwa chupa, maana kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori karibu 120. Tena usingizi. Waliochunguza jambo hili wameona kwamba mtu aliyelala saa 4 tu anaamka na ghrelini nyingi na leptini kidogo, naye anatafuta chakula siku nzima. Anayekesha na simu hadi usiku wa manane, halafu anashangaa kwa nini ana hamu ya mandazi, amejibiwa.

3. Kipimo si kimoja kwa wote

Sasa mtu atauliza: kiasi ni kiasi gani? Mtakatifu Benedikto, alipoandika kanuni ya wamonaki wake, aliagiza vyakula viwili vya kupikwa mezani, ili asiyeweza kula kimoja ale kingine, na ratili moja ya mkate kwa siku. Tena aliruhusu kuongeza ikiwa kazi imekuwa nzito. Yohani Kasiano, aliyemtangulia, alisema kwamba kanuni moja ya kufunga haiwezi kuwafaa wote, kwa sababu nguvu za miili si sawa.

Hekima hiyo itulinde na upumbavu wa kuiga. Mchimba madini anayebeba mawe hawezi kula kipimo cha karani. Mama mwenye mimba ama anayenyonyesha asipunguze chakula kwa ajili ya umbo. Mtoto anayekua asifungishwe. Mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia dawa asianze kufunga bila kumwuliza mganga, maana sukari inaweza kushuka ghafula akaanguka. Hata sheria ya Eklezya ya kufunga siku ya Majivu na Ijumaa Kuu inawashika wenye miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wa 60 tu, tena inawaruhusu mlo mmoja kamili na vingine viwili vidogo. Sheria hiyo haikuandikwa ili kuvunja miili.

Mtakatifu Tomasi alisema neno ambalo wengi wanalisahau: fazila ya kiasi ina adui wawili. Upande mmoja kuna ulafi. Upande mwingine kuna kukataa kabisa furaha ambayo Mungu ameiweka katika chakula, na hiyo nayo ni kosa. Msichana anayejitesa kwa njaa hadi damu yake ya mwezi inakatika hajapata fazila. Ametoka utumwa mmoja akaingia mwingine. Tumbo lilikuwa bwana wake. Sasa kioo ni bwana wake.

4. Njia za mkato

Watu wanaotaka njia ya asili mara nyingi wanatafuta mmea utakaowafanyia kazi. Mimea hiyo ipo. Kule kusini, katika jangwa la Kalahari, watu wa kabila la San tangu zamani walitafuna mmea uitwao hoodia walipokwenda kuwinda siku nyingi, ili njaa na kiu visiwashinde. Katika miaka ya 1990, taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini iliandikisha hati ya kumiliki dawa iliyotolewa katika mmea huo. San wenyewe hawakuulizwa. Walilalamika, na mwaka 2003 mkataba ulitiwa sahihi wa kuwapa sehemu ya faida. Baadaye kampuni kubwa ya Ulaya ilijaribu kuutia mmea huo katika vyakula vya kupunguza mwili, lakini mwaka 2008 iliacha, kwa kuwa majaribio hayakuonyesha usalama na faida ya kutosha.

Fikirini kidogo. Mwindaji alitafuna mmea ule kwa sababu chakula hakikuwapo, naye alitafuta chakula cha jamaa yake. Mnunuzi wa mjini aliutaka kwa sababu chakula kimezidi, naye hakutaka kuondoa mkono wake mezani. Mmea ni mmoja, lakini kilichotafutwa ni tofauti kabisa.

Na kwetu Kongo kuna njia ya mkato iliyogeuzwa. Wengine wananunua katika maduka ya dawa, bila karatasi ya mganga, siproheptadini, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mzio, ili wapate hamu kubwa ya kula na kunenepa. Wengine wanaongeza deksametazoni, ambayo inavimbisha uso, inapandisha sukari ya damu, inadhoofisha mifupa, tena kuiacha ghafula baada ya kuizoea kuna hatari. Kwa nini wanafanya hivyo? Kwa sababu kwetu unene umekuwa ushuhuda wa heshima, na wembamba unaleta maneno: «Huyu amepatwa na ugonjwa gani? Mumewe hamlishi?» Basi huku mtu anakunywa dawa ili anenepe, kule mwenzake anakunywa dawa ili akonde, na wote wawili wanatii bwana mmoja, yaani jicho la jirani.

Hatusemi kwamba dawa ni mbaya. Mgonjwa ambaye mganga amempa dawa ya kupunguza hamu, kwa sababu uzito unahatarisha moyo wake ama magoti yake, anatumia zawadi ya akili ya watu, wala asione haya. Lakini dawa haiwezi kumfundisha mtu kwa nini anakula. Kazi hiyo inabaki kwake.

5. Sufuria moja

Sasa tufike kwenye pingamizi lililo kubwa kuliko yote. Mtu atasema: «Katika nusu ya pili ya mwaka 2024, wachunguzi walihesabu watu zaidi ya milioni 25 katika Kongo waliokosa chakula cha kutosha. Na wewe unatuandikia habari ya kupunguza hamu! Si ni kuwatukana wenye njaa?»

Pingamizi hili ni la haki, tusilikimbie. Ni kweli kwamba duniani, katika mwaka 2022, watu wenye unene wa kupita kiasi walizidi bilioni moja. Lakini hatuhitaji kutazama mbali. Mara nyingi mnene na mwenye njaa wanakaa mtaa mmoja. Pengine wanakula katika sufuria moja.

Tuingie katika nyumba nyingi za kwetu saa ya jioni. Nani anapakuliwa kwanza? Baba. Nani anapewa vipande vya nyama? Baba, na mgeni akiwapo. Watoto wanagawana mchuzi. Mama anakwangua sufuria na kusema, «Mimi nimekwisha onja jikoni». Desturi hii ina asili yake: baba alirudi kutoka kazi nzito ya shamba ama ya mgodi, naye alihitaji nguvu. Lakini siku hizi baba wengi wanarudi kutoka kitini, naye mama ndiye aliyebeba magunia sokoni na mtoto mgongoni. Kazi imehama, nyama haikuhama.

Mwanaume huyo akiambiwa na mganga apunguze kilo 15, ataanza kutafuta majani ya kuchemsha, limau na tangawizi. Njia ya asili iliyo karibu zaidi haioni, nayo iko mbele ya macho yake: vipande viwili vya nyama vihame kutoka sahani yake viingie katika sahani ya mtoto. Tendo hilo moja linaponya miili miwili. Hapo haki na kiasi vinakutana, na afya inawafuata wote wawili.

Papa Mtakatifu Leo Mkuu, katika karne ya 5, aliwahubiri Wakristu wa Roma kwamba kile ambacho mfungaji amekiondoa mezani pake sharti kiwe chakula cha maskini. Bila hivyo, kufunga ni kuweka akiba tu. Neno hili ni gumu, kwa maana linatuvua udanganyifu. Mtu anaweza kujinyima mwaka mzima, akapungua, akasifiwa, na fedha aliyookoa akanunua nguo mpya zinazoonyesha umbo lake jipya. Hakutenda zambi kwa kupungua. Lakini asiseme kwamba amefunga.

Tena tusijidanganye upande wa pili. Kuacha nusu ya sahani yangu hakumshibishi mtu yeyote, ikiwa nusu hiyo inaingia jalalani. Mwenye njaa hashibi kwa huruma yangu. Sharti kitu kihame: chakula, ama bei yake, ama saa ya kazi yangu. Kipimo ambacho mke ama mume na watoto wamekubali pamoja, na sehemu yake ikapelekwa kwa mjane wa jirani kila juma, kina faida kuliko maneno mengi ya Kwaresima.

6. Namna ya kuishi na watu

Limebaki jambo la adabu. Kwetu kukataa chakula ni kukataa mtu. Ukiingia nyumba ya shemeji, ukaletewa bukari na kuku, ukasema, «Ninapunguza mwili», umewajeruhi. Afanye nini anayetaka kushika kipimo chake? Akubali, anawe, aonje kwa furaha, asifu mkono wa mpishi, aruhusu watoto wa nyumba wale pamoja naye katika sahani ile. Watu hawahesabu tonge, wanatazama uso. Tena yeye anayekaribisha asimlazimishe mgeni hadi apumue kwa shida. Ukarimu ni kumpa mgeni nafasi, si kumjaza kama gunia.

Na mkimwona mwenzenu amepungua, zuieni ndimi zenu. Wangapi wameacha shauri la mganga kwa sababu ya masengenyo, wakarudia unene wao ili watu wanyamaze? Mwenye kueneza habari kwamba jirani ana ugonjwa mbaya, kumbe amefuata tu kipimo chake, ana ulafi wa aina yake: anakula jina la mtu.

7. Jibu

Basi turudi kwenye swali letu. Kujinyima chakula ni fazila? Peke yake, hapana. Wembamba si utakatifu, na unene si zambi. Inasimuliwa kwamba Mtakatifu Tomasi mwenyewe alikuwa mtu mnene, naye ndiye aliyetufundisha vizuri kuliko wengi habari ya kiasi. Kujinyima kunakuwa fazila pale akili inapotawala tamaa kwa ajili ya jambo jema: ili mwili uweze kazi yake, ili baba aishi kuwalea watoto wake asife mapema kwa tansiyo, ili sahani ya mwenzake isiwe tupu, ili moyo uwe huru kwa sala na kwa watu.

Mtakatifu Agostino alikiri kwamba katika jambo hili vita havimaliziki siku moja. Aliona kwamba mtu anapotoka njaa kwenda kushiba, mtego unamngoja njiani, na kwamba mara nyingi hatujui kama ni haja ya mwili inayoomba ama ni tamaa iliyojifanya haja. Na nafsi inafurahi kwa kutojua huko, ipate kujitetea. Tuwe wakweli kama yeye. Wazee wetu walisema: Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Tumbo halikumbuki. Kwa hiyo shauri la kiasi sharti lifanywe upya kila siku, bila kukata tamaa kwa sababu ya jana.

Mtu akiuliza aanze wapi, tunamjibu hivi. Leo jioni, kabla ya kuchukua tonge ya kwanza, inua macho utazame sahani zote zilizo mezani na zile zilizo jikoni. Ikiwa yako ndiyo kubwa kuliko zote, nawe hukufanya kazi nzito kuliko wote, unajua la kufanya. Ondoa sehemu, mpe aliyepungukiwa, kisha kula polepole na kushukuru.